Kuanza pembeni bila kuiacha kati

Wazazi wangu, walimu, na ninyi vijana mlioamka alfajiri na baridi hii kuja Iringa mjini, shikamooni na habari za safari.

Jana jioni kijana mmoja alinifuata: "Mwalimu, ulitufundisha kushika katikati ya ubao wa sataranji (chess). Mbona aliyenifunga alianza na c4, katikati hakugusa?" Nimekuja kumjibu. Kwa mgeni wa mchezo: c4 ni jina la chumba kwenye ubao, herufi ni safu ya wima, namba ni safu ya mlalo.

Aliyewahi kupanda Gangilonga anajua. Ukikaa juu ya lile jiwe hauko katikati ya mji, ila mji wote uko machoni pako. Askofu, kete inayokwenda mshazari, akikaa b2 ndivyo alivyo: yuko pembeni, ila anaitazama kati yote.

Sasa twende New York, Machi 1924. Capablanca ni bingwa wa dunia, na tangu 1916 hajafungwa kwenye mashindano. Mpinzani wake, Richard Réti, ana kete nyeupe. Anatoa farasi f3, anasukuma c4, halafu b4, anamweka askofu b2. Baadaye g3, na askofu wa pili g2. Hatua 15 zinapita, na katika vile vyumba vinne vya kati (d4, e4, d5, e5) hamna kitunda cheupe, zile kete ndogo za mbele, hata kimoja! Capablanca ameshasukuma e5.

Hatua ya 16, Réti anacheza d4. Hapo ndipo napapenda mno. Vitunda vinalana, njia ya mshazari inafunguka, na hatua ya 20 askofu wa b2 aliyengoja muda wote ule anakula kitunda cha d4. Inayofuata anamla askofu wa g7, mlinzi wa mfalme. Mfalme analipiza. Na malkia anaenda wapi? B2, palepale alipotoka askofu, anapiga cheki, yaani anamtishia mfalme. Kisha ngome inakula kitunda cha d6. Hatua ya 31 Capablanca akakubali kushindwa.

Lakini msichukue nusu ya somo. Belgrade, 1970, Larsen alianza na b3 dhidi ya Spassky, bingwa wa dunia wa wakati huo. Kitunda cheusi kikafika e4 hatua ya 4 tu, kikamfukuza farasi, na Larsen hakusukuma kitunda cha kukipinga. Mfalme wake akabaki kati bila kujengewa ngome, ile hatua ya kumhamishia pembeni penye usalama. Hatua 17, mchezo umekwisha, Larsen kafungwa. Naye alikuwa mchezaji mkubwa kweli.

Haya, fungueni mbao, kaeni wawili wawili. Pangeni mchezo wa Réti ulivyokuwa baada ya hatua ya 15. Mweupe asukume d4, na mwenye kete nyeusi anionyeshe angejibu nini. Napita meza kwa meza.