Jinsi ya kutafuta na kupanga nyumba Dar bila kuliwa hela yako

Mambo vipi wadau, leo tunaenda hatua kwa hatua, kuanzia unatafuta mpaka unakabidhiwa funguo. Iwe chumba kimoja, chumba na sebule, masta (chumba chenye choo na bafu ndani) au nyumba nzima, utaratibu ni uleule.

Kwanza piga hesabu ya hela ya kuingilia, sio ya mwezi. Ukisikia masta Tabata laki na nusu usifurahi haraka, wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, afu dalali nae anachukua kodi ya mwezi mmoja. Laki na nusu mara sita ni laki tisa, weka ya dalali, milioni na elfu hamsini, na hapo hujakodi hata kirikuu ya kubebea vitu.

Pili, dalali. Kubalianeni hela ya kuonyeshwa kabla hamjatoka, na iwe kwa nyumba ngapi. Akikwambia tuma chochote nikushikie nyumba watu ni wengi, na we umeona picha tu, usitume. Kabisa.

Tatu, kukagua. Nenda mvua ikiwa imetoka kunyesha, Machi mpaka Mei ndo kipindi chenyewe. Angalia ukuta kwa chini, kama rangi mpya imepakwa futi mbili tu za chini jiulize wanaficha nini. Watu wanaijua Jangwani, lakini hata Mikocheni na Msasani kuna mitaa inajaa maji. Fungua bomba, uliza ni maji ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) au kisima, kama ni kisima onja, maana visima vingi mjini hapa vina chumvi.

Nne ni LUKU, umeme wa kulipia kabla, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Uliza mita ni yako peke yako au mnashea, mkishea we mwenye taa mbili utachangia sawa na mwenye friji na pasi, ugomvi hauishi. Afu kuna kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500. Nyumba ikikaa tupu bila kununuliwa umeme deni linajikusanya, miezi minane tu ni 12,000, na atakayenunua umeme wa kwanza ndo linamkata. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba jamani, sio ya mpangaji! Chukua namba ya mita, nunueni umeme kidogo mkiwa wote hapohapo, likitokea deni muombe mwenye nyumba alitoe kwenye kodi yako ya pango na liandikwe.

Tano, malipo. Pita serikali ya mtaa au kwa mjumbe, uliza nyumba hii ya nani, ongea na wapangaji waliopo bila dalali kusimama pembeni. Jina la kwenye mkataba na la kwenye akaunti unayolipia yafanane. Mkataba uonyeshe kodi, muda, notisi ya kuhama, na nani anatengeneza choo kikiziba au paa likivuja. Piga picha vioo vilivyopasuka, masinki, kila kitu, mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Na siku ya kuhamia badilisha kitasa kabla hujashusha godoro, maana funguo za mpangaji aliyetoka hujui ziko kwa nani.