Pasaka Hii, Pasaka Wetu: Maana ya Majira ya Pasaka kwa Waamini wa Kimasihi

Shalom, ndugu zangu. Wazee wetu na mama zetu mniwie radhi nikianza na jambo la sarufi kabla ya kufika kwenye jambo la roho, maana safari hii sarufi ndiyo iliyonifungulia mlango.

Katika Biblia yetu ya Kiswahili iliyochapwa mwaka 1952, Luka 22:15, Yeshua, yaani Yesu, anawaambia wanafunzi wake, "Nimetamani sana kuila pasaka hii pamoja nanyi kabla ya kuteswa kwangu." Pasaka hii: ni chakula, ni kitu kilichowekwa mezani. Lakini Paulo anapowaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, sura ya 5, aya ya 7, wafasiri hawakuandika "Pasaka yetu imekwisha kutolewa". Waliandika "Pasaka wetu amekwisha kutolewa". Kigiriki cha Paulo hakionyeshi tofauti hiyo. Ngeli zetu ndizo zilizowalazimisha kuchagua, nao wakachagua kumtaja mtu. Yote nitakayosema jioni hii yamo katika safari iliyopo kati ya "hii" na "wetu".

Tuanze Misri. Kutoka sura ya 12 inaagiza kwamba mwana-kondoo atwaliwe siku ya kumi ya mwezi wa kwanza, mwezi ambao Torati inauita Abibu na ambao baada ya uhamisho wa Babeli ulijulikana kuwa Nisani, kisha awekwe hadi siku ya kumi na nne ndipo achinjwe jioni. Huwa tunaziruka siku hizo nne kana kwamba ni nafasi tupu. Lakini yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye mbuzi anajua kwamba mnyama akilala nyumbani siku nne, watoto wamekwisha kumpa jina, na siku ya kisu ikifika kuna mtoto atakayekataa kula. Torati haikutaka damu ya mnyama asiyejulikana, aliyenunuliwa asubuhi na kuchinjwa jioni. Ilitaka mnyama aliyekaguliwa, asiye na ila, ambaye kaya nzima imemtazama akila na kulala. Ndiyo sababu waamini wa Kimasihi, yaani sisi tunaomwamini Yeshua huku tukizishika sikukuu za Kiyahudi, huzisoma kwa makini siku zile za mwisho za Yeshua Yerusalemu, alipoingia mjini kabla ya sikukuu, akakaa hekaluni mchana kutwa huku Mafarisayo na Masadukayo wakimwuliza swali baada ya swali, hadi Pilato, mtu wa Mataifa asiyejua lolote kuhusu kondoo wa Nisani, akasema haoni hatia yoyote kwake. Yohana anaongeza kwamba askari hawakuivunja miguu yake, na hapo anaikumbuka amri ya Kutoka 12:46 kuhusu mfupa usiovunjwa.

Na ile damu? Ilipakwa kwa hisopo kwenye miimo miwili na kizingiti cha juu. Angalieni kwamba Bwana hakusema, "Nitakapoona kabila lenu." Alisema, "nitakapoiona ile damu, nitapita juu yenu." Mzaliwa wa kwanza wa Mwisraeli aliyeketi katika nyumba isiyopakwa damu hakuwa na kinga ya nasaba. Hilo linatupasa kulikumbuka sisi tunaopenda kuhesabu vizazi.

Sasa nitakaa kidogo kwenye chachu, kwa sababu naona hapa tunapoteza mengi. Tukisikia neno hilo tunaifikiria hamira ya dukani, ile ya unga kwenye pakiti, na tunadhani kuiondoa ni kutoinunua wiki hiyo. Chachu ya kale haikuwa hivyo. Ilikuwa kipande cha donge la jana, kilichobakizwa ili kiumushe donge la leo, kama vile mama anavyobakiza maziwa mgando kidogo chini ya kibuyu ili yagandishe maziwa mabichi ya kesho. Kwa hiyo mkate wa leo ulibeba ndani yake mkate wa jana, na wa juzi, na wa mwaka uliopita, na mnyororo haukukatika. Torati inapoamuru kwamba kwa siku saba chachu isionekane nyumbani, inaukata mnyororo huo. Baada ya sikukuu mwanamke wa Israeli alilazimika kuanza upya, kwa unga na maji peke yake, asiwe na chochote cha donge la utumwani. Ndipo maneno ya Paulo, "chachu ya kale" na "donge jipya", yanapopata uzito wake. Hazungumzii tu dhambi fulani ya juzi. Anazungumzia namna mazoea ya zamani yanavyojirithisha yenyewe kimyakimya kutoka siku hadi siku bila mtu kukusudia.

Kwa hiyo, usiku wa kuamkia mkesha, familia za Kiyahudi hupita nyumba nzima na mshumaa, unyoya na kijiko cha mti, zikitafuta makombo. Wanaooka matsa, yaani mkate usiotiwa chachu, huhesabu dakika 18 tangu maji yagusane na unga hadi mkate utoke tanuri, usije ukaanza kuumuka. Wengi wetu tumefundishwa kwamba matundu na michirizi ya matsa ni majeraha ya Masihi, kwa kufuata Isaya 53. Mimi nayapokea hayo kama tafakari nzuri, si kama ushahidi. Matundu yapo ili mkate usivimbe. Vivyo hivyo kuhusu matsa tatu za Sederi, yaani mlo wa ibada wa usiku wa Pasaka, ile ya katikati inayovunjwa, kufichwa na kuliwa mwishoni kwa jina la afikomani: moyo wangu huguswa kila mwaka, lakini Sederi kama tuijuavyo ilipata umbo lake baada ya Hekalu kuharibiwa mwaka 70, na Wayahudi walio wengi hawaisomi kama tuisomavyo sisi. Imani yetu haipungukiwi kitu tukilikiri hilo.

Mboga chungu na maji ya chumvi sitayaeleza sana. Mtayaonja wenyewe kesho, na ulimi utawaeleza vizuri kuliko mimi. Kuhusu limbuko la shayiri lililotikiswa ndani ya juma hilo, madhehebu ya zamani yalibishana juu ya siku yake, na makusanyiko ya Kimasihi yanabishana hata leo. Paulo alilichukua neno lenyewe akamwita Masihi aliyefufuka "limbuko lao waliolala", na kutoka limbuko hilo ndipo tunapohesabu siku hadi Shavuoti, yaani Pentekoste.

Lakini kuna jambo moja siwezi kulipita haraka. Wengi tulioketi hapa si Wayahudi. Kutoka 12:38 inasema kundi kubwa la watu waliochangamana walipanda pamoja na Israeli kutoka Misri, kwa hiyo hatukosi mahali. Hata hivyo tumeingia kama wageni, na mgeni huuliza habari za nyumba aliyoingia. Makanisa ya Asia Ndogo yaliiadhimisha Pasaka siku ya 14 ya Nisani, na Polikapo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma kuzungumza na Aniseto, askofu wa huko, juu ya jambo hilo. Hawakukubaliana, lakini waliachana kwa amani. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliamua makanisa yasifuate tena hesabu ya Wayahudi. Baadaye mambo yakawa mabaya zaidi. Kwa karne nyingi majira haya yalikuwa ya hofu kwa Wayahudi wa Ulaya, kwa sababu ya uongo kwamba wanatumia damu ya watoto wa Kikristo. Mwaka 1903, mjini Kishinev, katika Milki ya Urusi ya wakati huo, mauaji ya Wayahudi yalianza Jumapili yenyewe ya Pasaka ya Wakristo. Ni mji uleule ambamo Joseph Rabinowitz, Myahudi aliyemwamini Yeshua, alikuwa ameanzisha kusanyiko lake mwaka 1884. Damu iliyokuwa ishara ya kuokolewa iligeuzwa kuwa kisingizio cha kuua. Tukiinua kikombe kesho, tukiinue tukijua hilo.

Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inafundisha kwamba katika kila kizazi mtu anapaswa kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri, na inaegemea Kutoka 13:8, ambapo baba anamweleza mwanawe yale Bwana "aliyonifanyia mimi". Hakusema aliyowafanyia mababu.

Usiku ule wa kwanza Musa aliamuru mtu yeyote asitoke mlangoni mwa nyumba yake hadi asubuhi, kwa maana mharibifu alikuwa nje na usalama ulikuwa nyuma ya damu. Katika Mathayo 26, Yeshua alikwisha kula, akawapa kikombe, akasema hatakunywa tena uzao wa mzabibu hadi siku ile katika ufalme wa Baba yake. Wakaimba, na desturi inatuambia walikuwa wakiimba Zaburi za Haleli, yaani zaburi za sifa ziimbwazo katika sikukuu, ambazo mwisho wake ni ya 118. Kisha, usiku uleule, kabla ya kupambazuka, akafungua mlango, akatoka kwenda mlima wa Mizeituni.