Acheni Kuangalia Rangi: Kathodi, Oksijeni na Tairosini

Haya jamani, najua wengi mshanisikia nikilalamika juu ya hili, mtanivumilia. Mtu akisema anasafisha maji kwa umeme utamsikia anasifia anodi tu, ile nguzo chanya, kathodi, ile hasi, kama haipo vile, wakati huko ndo kwenye kazi. Oksijeni iliyoyeyuka ikifika kathodi ina njia mbili, ichukue elektroni 4 iwe maji, basi kwisha habari yake, au ichukue 2 tu iwe haidrojeni peroksaidi. Sisi tunazitaka hizo 2, maana peroksaidi ikikutana na chuma inazaa radikali za haidroksili, vijipande vikali vinavyorarua uchafu.

Nina kijana wangu mmoja aliweka platinamu pande zote mbili, eti ya bei ghali lazima iwe bora. Toka asubuhi mpaka alasiri anapima peroksaidi, hola. Nikamwambia mwanangu, platinamu haiishii njiani, oksijeni inaipeleka mpaka maji, katafute kaboni. Akaweka kitambaa cha kaboni na pampu ya tangi la samaki ya kupulizia hewa, saa haijaisha peroksaidi hii hapa. Na hiyo pampu msiidharau, maji ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni miligramu 8 hivi kwa lita, ikiisha unabaki unazalisha haidrojeni tu.

Mtasema si tununue peroksaidi dukani? Nunua, ila ukiimwaga yote kwa mkupuo radikali za haidroksili zinaanza kuila peroksaidi yenyewe, kathodi inakutolea kidogokidogo. Halafu ile chuma unayoweka, mambo ya yule mkemia Fenton ya 1894 hayo, ikishatumika kathodi hiyohiyo inairudishia elektroni yake ikafanye kazi tena. Dukani wanauza hiyo?

Sasa yule kijana akaweka tairosini, amino asidi hiyo, ndo uchafu wake wa kujaribia, maji ya asidi, pH 3. Maji yakawa kahawia, kama kiazi ulichomenya ukakisahau, na ni ndugu kweli, kwenye kiazi nako ni tairosini inaoksidika. Baadaye yakawa meupe, akazima umeme, mwalimu imeisha! Imeisha nini? Tairosini ina kaboni 9, ile pete yake ya kaboni imepasuka sawa, rangi imeondoka, lakini vipande si vimo humo humo, kimojawapo asidi oksaliki, imeing'ang'ania chuma na radikali haziiwezi, hapo ndo watu wanaongezea mwanga wa UV. Pima kaboni iliyobaki!

Naitrojeni yake inatoka kama amonia na naitreti, hiyo nilitaka tuiongee vizuri ila naona naonyeshwa saa. Haya maswali, na asiniulize mtu habari za rangi.