Kutoa Programu ya Terminali kwa Linux, Windows na Mac

Assalaam alaykum. Tuanze na kosa linalowakuta wengi. Programu ya terminali, yaani inayoendeshwa kwa kuandika amri, umeikompaili (umeigeuza kodi kuwa faili la kuendeshwa) kwenye Ubuntu 22.04, aina ya Linux, hapa Mjini, inakwenda vizuri. Ukiipeleka kwenye kompyuta ya skuli Wete, yenye Ubuntu 20.04, inagoma: `version 'GLIBC_2.34' not found`. Kodi uliyoiandika haina ila. Tatizo ni maktaba ya C (glibc), mkusanyiko wa kodi ya mfumo ambao programu nyingi huutegemea: kwako ni toleo la 2.35, Wete ni 2.31. Programu iliyokompailiwa kwa maktaba kongwe hukubalika kwenye mpya, lakini kinyume chake usikitegemee.

Basi kompaili ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta yako) la mfumo mkongwe kuliko yote unayokusudia kuihudumia, au toa faili lisilotegemea maktaba hiyo kabisa. Kwa lugha ya programu ya Go, hii ya pili ndiyo nyepesi:

`CGO_ENABLED=0 GOOS=linux GOARCH=amd64 go build -ldflags="-s -w"`

Hizo `-s -w` zinaondoa taarifa za kutafutia makosa, faili likapungua. Anayepakua kwa bando la simu kule Micheweni atashukuru. Weka `windows` au `darwin` badala ya `linux`, na laptopu hiyo hiyo itakutolea mafaili ya Windows na Mac; kwa Mac zenye prosesa ya Apple, weka na `arm64` badala ya `amd64`. Ukitumia `-o` (kulipa faili jina) kwa Windows, `.exe` iandike mwenyewe.

Mac ina masharti yake. Zenye prosesa ya Apple haziendeshi faili la `arm64` lisilotiwa sahihi ya kidijitali. Utaona `Killed: 9` tu, bila maelezo. Faili hilo la `arm64` Go hulitia sahihi ya msingi yenyewe, ila ukiligusa faili baadaye, hata baiti moja, sahihi imevunjika. Na lililopakuliwa kwa kivinjari hupigwa alama ya karantini, inayoondolewa kwa `xattr -d com.apple.quarantine`. Kumfundisha kila mtumiaji amri hiyo si jambo zuri; uanachama wa watengenezaji wa Apple, dola 99 kwa mwaka, unakuwezesha kuidhinishiwa programu na Apple.

Linux na Mac zifungie `tar.gz`, maana inahifadhi ruhusa ya kuendesha. Windows, `zip`. Skripti iliyohaririwa Windows hubeba herufi iliyojificha mwisho wa kila mstari, ikagoma Linux kwa `/bin/sh^M: bad interpreter`. Andika `*.sh text eol=lf` kwenye `.gitattributes`, faili la mipangilio la Git (chombo cha kuhifadhi matoleo ya kodi).

Ambatanisha `SHA256SUMS`, faili la alama za kuhakikishia kuwa kilichopakuliwa hakikubadilika. Kisha pakua kifurushi chenyewe, kama mtumiaji, ukijaribu kwenye mashine isiyo na Go. Ukikuta kosa kwenye toleo, tuseme 1.4.0, lililokwisha kutoka, usibadilishe faili kimyakimya, toa 1.4.1.