Kuchapa Hadi Ukingoni: Kile Ambacho Printa ya Nyumbani Hufanya Hasa

Mhadhara uliotolewa mjini Kigoma mbele ya wenye steshenari, wapiga picha na walimu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi mliofika, nawashukuru.

Jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa picha zilizoharibika kwa namna ileile. Printa ya nyumbani inapoagizwa kuchapa bila pambizo, yaani bila kuacha ukanda mweupe pembeni, haichukui picha yenu jinsi ilivyo na kuifikisha ukingoni mwa karatasi. Huikuza kwanza mpaka ipite ukubwa wa karatasi, kisha kila kinachozidi hukirusha nje, na wino huo hupotea. Atakayelishika hilo ameshika nusu ya mhadhara wangu.

Sababu iko kwenye rola, yaani vigurudumu vinavyovuta karatasi. Karatasi inapoingia hushikwa na rola za nyuma peke yake, na inapomalizika kutoka hushikwa na rola za mbele peke yake. Katika nyakati hizo mbili inaweza kuyumba au kwenda upande kidogo sana. Ndiyo maana printa nyingi za wino, zikiachwa zifanye kazi kwa kawaida yake, huacha takribani milimita 3 nyeupe kila upande. Kama mashine ingechapa milimita 210 kamili juu ya karatasi ya A4 ambayo upana wake ni milimita 210, mchepuko mdogo tu ungeacha uzi mweupe upande mmoja. Watengenezaji wakaamua afadhali picha izidi karatasi kuliko karatasi ionekane nyeupe, na uamuzi huo una mantiki. Kosa ni la muuzaji anayebofya chaguo la kuchapa bila pambizo bila kumweleza mteja atakachopoteza.

Mama mmoja wa Ujiji aliniletea picha ya familia, iliyopigwa kwa simu siku ya harusi ya mwanawe. Jamaa walijipanga wakaijaza picha yote. Kwenye simu kila mtu alikuwa mzima. Kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15, watoto waliokaa mkekani walikatwa miguu, kofia ya mjomba aliyesimama nyuma ilibaki nusu, na mkongojo wa bibi aliyekuwa mwisho wa safu upande wa kulia haukuwapo kabisa, mkono wake ukabaki umekunjwa bila kushika kitu. Duka lililomchapia lilimwambia kuwa simu yake ndiyo mbovu. Jibu hilo liliniudhi na linaniudhi hadi leo, kwa kuwa simu haikuwa na hatia yoyote. Pale palikuwa na hasara mbili tofauti, na mtu wa kazi anapaswa kuzitenganisha.

Hasara ya kwanza ni ya uwiano. Simu nyingi hupiga picha ya uwiano wa 4 kwa 3, wakati karatasi ya 10 kwa 15 ni ya 3 kwa 2. Picha hiyo ikijazwa kwenye upana wa sentimita 15, kimo chake kinakuwa sentimita 11.25, na karatasi ina 10 tu. Sentimita moja na robo lazima ikatwe juu na chini, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya picha. Hapo ndipo ilipokwenda kofia, na miguu ya watoto pia. Hasara ya pili ni ule ukuzaji nilioueleza, ambao hula milimita mbili tatu za kila ukingo, na huo ndio uliochukua mkongojo. Hasara ya kwanza unaweza kuiona kwenye kioo kabla ya kuchapa, ukiikata picha mwenyewe kwa uwiano wa 3 kwa 2 na kuamua kipi kibaki. Ya pili mara nyingi haionekani mpaka karatasi itoke.

Fundi cherehani hakati kitambaa sawasawa na kipimo cha mwili, huacha pindo. Wachapaji wa viwandani hufanya hivyohivyo: kazi ya A4 huandaliwa ikiwa na milimita 3 za ziada kila upande, yaani 216 kwa 303, kisha hukatwa. Nawaomba wapiga picha mwache nafasi hiyo tangu mnapopiga. Mtu wa mwisho kwenye safu asigusane na ukingo. Printa za Canon na Epson zina sehemu ya kupunguza kiasi cha ukuzaji, na inafaa kuitumia, ila mkiipunguza mno ule uzi mweupe unaweza kurudi.

Najua kuna atakayeuliza mbona studio kubwa hutoa picha safi hadi ukingoni. Studio nyingi hutumia mashine zenye karatasi ya roli zinazokata zenyewe, na hata hizo hupoteza kidogo pembeni. Ninyi pia mnaweza kukata. Chukueni karatasi ya glosi ya A4, pangeni picha mbili za 10 kwa 15 zikiwa zimesimama sambamba juu, na moja ikiwa imelala chini yake. Zote tatu zinaenea ndani ya pambizo za kawaida, hakuna wino unaorushwa nje, kisha mnakata kwa wembe na rula ya chuma. Nne haziwezi kuenea, kwani zinahitaji milimita 300 na A4 ina 297. Msiniambie kuwa kukata ni kazi ya ziada, kwani kumrudishia mteja fedha yake ni kazi kubwa zaidi.

Kuhusu nyaraka nitakuwa mkali: msizichape bila pambizo. Nakala ya cheti iliyokuzwa hupoteza urembo wa pembeni, na namba iliyo karibu na ukingo inaweza kukatika. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikipangwa kwenye A4 na printa ikaongeza milimita 3 kila upande, hutoka takribani 36 kwa 46.3, na ofisi inayopima kwa rula ina haki ya kuikataa. Kuandika pambizo sifuri kwenye programu ya Word hakusaidii chochote. Printa itakata maandishi au programu itakuonya.

Sasa wino unaorushwa. Huangukia kwenye sponji iliyo chini ya njia ya karatasi, na sponji hujaa. Ikiwa bado mbichi, au wino ukibaki kwenye mbavu za plastiki, karatasi inayofuata hupata michirizi mgongoni. Pitisheni karatasi tupu kabla ya kuchapa barua ya mtu. Baadhi ya printa huhesabu ujazo wa sponji hiyo na hatimaye hukataa kuchapa bila pambizo, ingawa kazi ya kawaida huendelea. Wapo wanaoirudisha hesabu hiyo sifuri kwa programu bila kubadilisha sponji. Acheni tabia hiyo, kwa sababu wino utavuja hadi mezani, na spea nyingi tunaziagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Muda unakwisha, kwa hiyo nitapita haraka. Printa ya leza ya nyumbani au ofisini kwa kawaida haiwezi kuchapa hadi ukingoni, kwani tona, yaani wino wake wa unga, isiyoangukia karatasi ingechafua mashine ndani, hivyo muuzaji asiwadanganye. Karatasi nyepesi ya kawaida ikilowa wino ukingoni hujikunja na kugusa kichwa cha printa. Wakati wa masika, karatasi ikiwa imenyonya unyevu, ni mbaya zaidi, basi rimu iliyofunguliwa ifungwe kwenye mfuko.

Kabla ya maswali, kila mwenye printa leo jioni achore mraba wa sentimita 10, auchape mara moja akiwa na pambizo na mara moja bila pambizo, kisha aipime miraba yote miwili kwa rula na kuandika tofauti yake ubavuni mwa mashine.