Kambare wa Ziwa Victoria: mtazame mgongo kwanza

Ndugu zangu wavuvi na wafugaji, sharubu ziacheni kwanza. Kambare ana sharubu nane, mbofu, samaki mwingine wa ziwa hili, naye ana nane; ukianzia hapo umeshapotea. Rangi nayo hudanganya, maana hubadilika na maji anamoishi.

Huyu hapa, mtazameni mgongo. Pezi linaanzia karibu na kisogo, linakwenda moja kwa moja hadi jirani na mkia. Lote laini, halina mwiba hata mmoja, wala nyuma yake hakuna kile kipezi cha nyama alicho nacho mbofu. Mkia wake wa mviringo. Wa mbofu una panda. Gogogo, naye samaki mwenye sharubu, ana mwiba mkali mgongoni, na sharubu za kidevuni zina matawi.

Kazi ngumu ni kumtenga kambare mkubwa, Clarias gariepinus, na ndugu zake wadogo kama Clarias alluaudi. Hapa ndipo wafugaji wanapoumia. Vifaranga vinakamatwa kwenye mafunjo, vinapandikizwa bwawani, vinalishwa miezi na miezi, na havikui, kwa sababu alluaudi ukomo wake ni kama sentimita 35. Gariepinus huvuka mita moja.

Kuwatofautisha, chukua aliyekufa, kata kifuniko cha shavu la kushoto. Upinde wa kwanza wa matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, una vijiti vyembamba kama meno ya kitana. Gariepinus mkubwa ana vingi, vimebanana, pengine kupita 100. Alluaudi ana vichache. Lakini vijiti huongezeka samaki anavyokua, kwa hiyo kifaranga usimhukumu kwa hesabu hiyo. Vifaranga nunua kwa mzalishaji atakayekuonyesha wazazi wao.

Juu ya matamvua, tazameni, kuna kiungo chekundu chenye matawi kama tumbawe dogo. Hicho ndicho anachovutia hewa ya juu, na ndiyo maana huishi ndani ya mafunjo, ambako sangara hukosa pumzi. Mvua kubwa zikinyesha, hupanda usiku kwenye nyasi zilizofurika, akataga. Mayai hunata kwenye majani, na katika joto la nyuzi 28 huanguliwa kwa takriban siku moja. Kibonde kile mnachokiona cha bure ndiyo mazalia yake, msikifukie.

Na mgono, ule mtego wa samaki, ukiuzamisha wote ndani ya mafunjo, kambare hafiki juu kuvuta hewa. Asubuhi utamkuta amekufa, ameanza kulegea. Acha sehemu ya juu ya mgono itokeze.