Shingo Inapouma Baada ya Dripu

Ndugu wauguzi, wafamasia na madaktari, mada niliyopewa ni dawa zote zinazolenga kinga ya mwili. Mniwie radhi, muda wangu mwingi utaishia kwa dawa moja, alemtuzumab, kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi ninalolisema kila ninaposhika kipaza sauti: mgonjwa anatoka kwetu ameonywa juu ya homa na maambukizi, lakini hajaambiwa neno juu ya mishipa ya damu.

Alemtuzumab mnaijua, inaua limfosaiti, yaani chembe nyeupe za damu za kinga. Kwa maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, hutolewa kwa dripu siku 5 mfululizo mwaka wa kwanza, siku 3 mwaka wa pili. Marekani iliidhinishwa kwa ugonjwa huo mwaka 2014. Novemba 2018, FDA, mamlaka ya dawa ya huko, ikatoa tahadhari: wagonjwa 13 duniani walikuwa wamepata kiharusi, au kuchanika ukuta wa ndani wa ateri za kichwa na shingo, muda mfupi baada ya dripu. Wengi wao dalili zilianza ndani ya siku moja.

Najua yupo atakayesema, "Watu 13 dunia nzima, unatutishia wagonjwa bure." Hapana! Hao ni wale ambao habari zao zilifika FDA. Halafu tujiulize ni nani angewatambua wengine. Mwenye maltipo sklerosisi amezoea ganzi, amezoea mkono kulegea, pengine hata ulimi kuwa mzito. Akiamka hivyo siku ya pili ya dripu, yeye mwenyewe atasema ugonjwa umechachamaa. Muuguzi atakubali. Daktari naye atakubali, atampangia miadi! Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba damu haijavuja ubongoni. Saa hizo zinapotea tukibishana kama ni ugonjwa uleule.

Kichwa je? Kuumwa kichwa baada ya dripu hii ni kawaida, basi tunampa parasetamoli tukaendelea na kazi. Mpeni, lakini muulizeni: kimeanza ghafla? Ni kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa? Shingo inauma? Upande mmoja wa uso umelegea? Maswali hayo hayagharimu hata shilingi. Mwambieni na anayemsindikiza nyumbani, maana mgonjwa akishindwa kusema ni huyo atakayepiga simu.

Ulaya wamebana zaidi tangu mwishoni mwa 2019: asipewe mwenye presha isiyodhibitiwa, wala aliyewahi kupata kiharusi au kuchanika ateri za shingo, itolewe penye huduma ya wagonjwa mahututi, presha ipimwe kabla na wakati wa dripu, na mgonjwa aangaliwe angalau saa 2 baadaye.

Naona naonyeshwa saa. Nivolumab na pembrolizumab, za saratani: mara chache husababisha kuta za mishipa ya damu kuvimba. Mzee anayeumwa panja, na taya akitafuna, macho yakififia, aonwe leo. Tofacitinib, ya baridi yabisi: damu inaweza kuganda mishipani. Mguu mmoja ukivimba ghafla au pumzi ikibana, ni hospitali siku hiyohiyo. Karibuni kwa maswali.